Mimi na Mama Mkwe Ndani ya Ndege Moja

Ndugu zangu wa Myanga, tangu nirudi sijamaliza sahani moja ya ugali bila mtu kupiga hodi na kuniuliza ndege ilitaka kuanguka vipi. Nimesimulia kanisani, nimesimulia sokoni, nimemsimulia kinyozi mpaka akanyoa upande mmoja wa kichwa na kusahau wa pili. Lakini kila habari inapopita mdomo mwingine, ndege inazidi kuanguka. Jumapili iliyopita nilimsikia mtu akieleza kwamba nilitoka nje nikalishika bawa kwa mkono. Kwa hiyo naandika mara moja, kama ilivyokuwa. Habari za tiketi, vyeti na mihuri naziacha. Zilinichosha wakati wake, na ninyi hamna kosa.

Safari yenyewe mnaijua sababu yake. Mama wa mke wangu Rebeka alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kwa miaka minne alikuwa akitambua mwanga na giza tu. Tukapata habari kwamba daktari wa macho kutoka ng'ambo yuko Nairobi, na kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho ya kupokea wagonjwa wapya. Mvua ilikuwa imekula reli, na hakuna aliyejua gari la moshi litapita lini. Shemeji yangu Wafula, nyapara katika shamba la setla mmoja wa Kizungu huko Endebess, akatupatia kwa njia zake nafasi mbili katika ndege ya kutoka Kitale. Moja ya mama, moja ya Rebeka. Asubuhi ya kuondoka Rebeka akateleza kisimani, mguu ukavimba kama boga. Katika jamaa yote, mtu pekee mwingine aliyewahi kufika Nairobi na kuijua hospitali alikuwa mimi.

Najua barua hii itasomwa na watu wasio wa kwetu, basi nieleze. Kwetu Wabukusu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali mbele ya mwenzake, wala hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Si chuki, ni heshima kubwa. Na mimi, mzee wa kanisa ambaye watu huniita Mwalimu, wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nimehubiri kwamba mambo haya ni ya zamani na Mkristo hana haja ya kukimbilia kichakani. Mama mkwe alikuwapo, benchi la nyuma. Nilipomaliza kuhubiri nilitokea mlango wa pembeni ili tusikutane.

Myanga mpaka Bungoma

Tuliondoka Jumanne. Mama alipanda gari la ng'ombe la jirani yetu Simiyu, amejifunika shuka mpaka kichwani, ameelekea nyuma. Mimi nilitangulia kwa baiskeli, nimeelekea mbele. Namna hiyo tulikwenda vizuri sana, kila mmoja akiielekea nusu yake ya dunia.

Kabla ya kufika mjini gurudumu la gari likazama kwenye matope. Simiyu akaenda kutafuta watu wa kusukuma, akatuacha wawili peke yetu. Nilikaa kitambo nikifikiri. Gari lilikuwa linalalia upande mmoja, na ilinipasa kumwambia mama ashuke, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia amwambie. Mwishowe nikaigeukia baiskeli yangu.

"Baiskeli," nikasema kwa sauti, "kama kungekuwa na mtu juu ya gari lile, ningemshauri ashuke, maana linaweza kupinduka."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama, imetulia kabisa. "Baiskeli, mwambie mwenyewe kwamba mtu huyo alishuka zamani. Amesimama kwenye matope mpaka magoti, anangoja wanaume wamalize kufikiri."

Nikamshukuru Mungu kwa baiskeli ile. Nilikuwa nayo miaka tisa na sikujua kwamba inaweza kubeba mzigo wa namna hiyo.

Bungoma mpaka Kitale

Bungoma tulipata lori la mahindi. Dereva wake alikuwa Mkamba aitwaye Mutua, mtu mwema, mgeni upande wetu. Mama alikaa mbele karibu naye, mimi nikapanda juu ya magunia. Barabara ilikuwa mbaya mno hata nikawa naruka pamoja na magunia na kutua pamoja nayo, na nikadhani huko ndiko kuruka kwenyewe na kwamba Nairobi haitanishangaza.

Kimilili tulisimama ili injini ipoe. Rebeka alikuwa ametufungia kuku wa kukaanga na mihogo katika majani ya mgomba. Sasa kuku alikuwa na mimi juu ya magunia, mama alikuwa chini, na mimi sikuweza kula anaponisikia. Nikashuka polepole, nikazunguka nyuma ya lori, nikachutama na kufungua majani. Sijatia paja mdomoni, Mutua akatokea.

"Ah! Mwalimu!" akasema. "Unakula kama mwizi?"

"Sili kama mwizi," nikajibu. "Nampa mama heshima."

"Heshima gani hii bana? Mama kipofu anakaa huko mbele na njaa, wewe umejificha na kuku mzima!" Akawaita wapakiaji. "Njooni muone! Huyu ndiye mwalimu wa dini!"

Nilijaribu kumweleza desturi, lakini ni vigumu kueleza desturi ukiwa na paja la kuku mkononi. Wapakiaji walitikisa vichwa kwa huzuni. Mutua akanipokonya majani yote, akampelekea mama. Baadaye nilimsikia mama akisema ndani ya lori, "Huyu ni kuku wa Rebeka. Chumvi imezidi kama kawaida." Akamla wote. Mimi nilinunua muhindi wa kuchoma, nikaula nimejifunika turubai, ili angalau nisiwakwaze tena wapakiaji.

Kuanzia hapo mpaka Kitale Mutua hakuniita mwalimu. Aliniita "wewe wa kuku."

Uwanjani Kitale

Uwanja wa ndege wa Kitale ni malisho mazuri. Siku tuliyofika kulikuwa na ng'ombe wa maziwa kama arobaini juu yake, na mzee mmoja mwenye kengele ambaye kazi yake ni kuwaondoa ndege ikisikika na kuwarudisha ikiondoka. Ndege yetu ilikuwa ya Jumatano saa nne asubuhi. Jumatano saa nne ilipita, saa nane ikapita, ng'ombe wakala wakashiba wakalala. Saa kumi tukaambiwa ndege itakuja Alhamisi, maana Nairobi kuna mawingu. Tulikaribishwa kwa rafiki wa Wafula. Siku ya daktari ilikuwa inakaribia kuliko ndege, nami nikaomba subira. Nilipewa, lakini kwa kipimo kidogo.

Hapo uwanjani ndipo tulipomjua karani Wekesa, kijana wa Bungoma anayefanya kazi ofisi ya serikali, amevaa tai na viatu vinavyong'aa. Alituambia ameshapanda ndege mara nne.

"Si kitu, Mwalimu," alisema. "Ikitikisika kidogo, usishtuke. Mimi hulala tu."

Nilifurahi kuwa na mtu mzoefu. Zaidi, nilifurahi kuwa na mtu wa kusemea, maana baiskeli niliiacha Bungoma. Kuanzia hapo maneno yangu kwa mama, na ya mama kwangu, yalipitia kwa Wekesa.

Alhamisi asubuhi kengele ya mzee ikalia, ng'ombe wakaondoka, na ndege ikatua. Ilikuwa na injini mbili, na viti viwili viwili kila upande wa njia nyembamba. Mlangoni alisimama mhudumu, binti wa Kizungu asiyezidi miaka ishirini na miwili. Alizaliwa shambani upande wa Endebess, na Kiswahili alijifunza kwa wakamuaji wa baba yake. Kwa hiyo hakuwa mkali kama mabibi wengine. Alitusemesha kwa upole uleule anaosemeshwa ng'ombe anayeingia kukamuliwa.

"Taratibu, mama. Panda. Panda. Hivyo, vizuri." Kisha akanigeukia. "Huyu mama yako?"

"Ni mama wa mke wangu."

"Vizuri sana! Basi kaa pamoja, kiti cha nyuma kabisa."

Nikamwambia siwezi. Akauliza kama tumegombana. Nikasema hatujagombana hata siku moja katika miaka ishirini na sita, na kweli hatungeweza, maana hatujawahi kuzungumza. Akanitazama kwa huruma. "Hapana kasirika na mama mzee," akasema. "Sema pole, yeye atasikia." Nadhani alitumaini kutupatanisha kabla ya Nairobi.

Ndege haikujaa, basi alikubali nisogee mbele, mstari wa pili, mbali na mama iwezekanavyo. Wazungu waliokuwa wanapanda waliniangalia kama watu waliokuta kuku sebuleni. Kila mmoja alikitazama kiti kitupu cha dirishani kando yangu, kisha akakumbuka kwamba anapenda kukaa mahali pengine. Ng'ambo ya njia, mkono wa kulia, alikaa setla mmoja mzee mwenye masharubu na gazeti, na dirishani kwake Mhindi mwenye duka hapo Kitale. Wekesa alikaa nyuma yangu.

Angani

Kuruka kwenyewe ni jambo jema, na nilimshukuru Mungu kwa kuniruhusu kuona mashamba ya Trans-Nzoia yakiwa madogo kama viraka vya blanketi. Mhudumu alipitisha chai na mkate wenye nyama katikati. Mimi sikula, kwa ajili ya mama. Mama hakula, kwa ajili yangu. Mhudumu alirudisha sahani mbili zilizojaa na kuandika kitu kwenye daftari lake, na naamini mpaka leo kuna mahali pameandikwa kwamba watu wa Bungoma hawapendi mkate.

Hatujaenda nusu saa, injini ya upande wangu ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi, na mafuta yakaanza kutiririka juu ya bawa. Kisha rafadha, yale mapanga yanayozunguka, ikapunguza mwendo mpaka nikaweza kuyahesabu. Yalikuwa matatu. Kisha yakasimama kabisa.

Sasa niseme watu walifanya nini, maana hili ndilo mnaloniuliza sana. Mnadhani watu hupiga kelele. Hapana. Kwanza kila mtu alijishughulisha na jambo dogo. Bibi mmoja wa Kizungu alifungua mkoba wake akatafuta kitu kwa muda mrefu, akafunga, akafungua tena. Mhindi alianza kuomba kwa lugha yake, na kila baada ya maneno machache akasema kwa Kiswahili, nadhani ili Mungu wa Kitale asikie pia, "Sipandi tena, sipandi tena, naapa." Setla aliendelea kusoma gazeti lake. Alisoma kwa utulivu mkubwa, nami nilimstahi sana, mpaka nilipoona kwamba ng'ombe aliyechorwa kwenye ukurasa amesimama miguu juu.

Wekesa, mzoefu wetu, alinishika mabega kwa nyuma kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu! Omba!"

"Huwa unalala," nikamkumbusha.

"Mwalimu, mimi sijawahi kupanda! Nilisema tu! Hii ndiyo ya kwanza! Omba!"

Nikafumba macho nikaanza, kama tunavyoanza kanisani, kwa kumshukuru Mungu kwa kuumba mbingu na nchi, na milima, na mito, na kila mnyama wa kondeni. Nilikuwa nimefika kwa samaki wa baharini Wekesa aliponitikisa.

"Fupisha, Mwalimu! Fupisha, tunaanguka!"

Mhudumu alitoka kwa rubani. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yao, lakini alikuwa anatabasamu, na mkononi alibeba bakuli la peremende. Alimpa kila mtu moja. Wazungu aliwaambia kwa Kiingereza kwamba rubani anarudi Kitale, na kwamba ndege hii inaweza kwenda na injini moja bila shida. Kisha akatugeukia sisi. Hofu ilikuwa imemwondolea Kiswahili chote ila kile cha zizini.

"Pole, pole. Hapana ruka. Simama vizuri. Hoo, hoo. Pole."

Msicheke. Tulitulia. Hata yule bibi wa mkoba, aliyeelewa Kiingereza chake, alitulizwa zaidi na hili.

Halafu akasema shida iliyobaki. Nyuma ya ndege kulikuwa na shehena ya jibini na mifuko ya barua, mkia ulikuwa mzito, na kwa injini moja rubani alitaka uzito uje mbele. Watu wote wa nyuma wahamie viti vya mbele, upesi, wafunge mikanda. Wakahamia. Viti vya mbele vikajaa vyote ila kimoja. Mnakijua. Ni kile cha dirishani kando yangu, ambacho hakuna aliyekitaka.

Na mtu mmoja tu alikuwa amebaki nyuma.

Mhudumu alimshika mama mkono akamleta. Mama alikuja vizuri mpaka katikati ya ndege. Hapo akasikia sauti ya Wekesa ikiniita, akasimama.

"Wekesa," akasema kwa lugha yetu, "ninapelekwa wapi?"

"Mbele, mama! Karibu na Mwalimu! Haraka!"

Mama akakaa chini pale pale njiani, akakunja miguu, akajifunika shuka.

Ndege ikayumba. Mhudumu akamvuta, mama hakuvutika. Kutoka kwa rubani ikaja sauti ya ukali.

"Mama," Wekesa akalia, "tutakufa!"

"Kufa nitakufa siku moja," akasema mama ndani ya shuka. "Lakini sitafika mbele ya Mungu nikitokea mapajani mwa mume wa binti yangu. Ataniuliza nilikuwa nafanya nini pale, na mimi nitasema nini?"

Kweli, ili kufika dirishani ilimpasa apite mbele ya magoti yangu, na nafasi haikutosha hata paka. Nikasema, "Wekesa, mwambie mama kwamba nilihubiri juu ya jambo hili. Mwambie Mungu hatazami mambo haya."

Wekesa akamwambia. Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Mwambie nilisikia mahubiri. Yalikuwa mazuri. Muulize alitokea mlango gani."

Ndugu zangu, katika saa ile nilimwogopa yule mama kuliko injini. Na niliona wazi kwamba kama nitashinda mabishano, ndege itakuwa imeshaanguka. Kama tukifa, hasara ni yetu sote. Kama tukipona lakini mama akatetereka moyoni, atakataa kupanda tena, na Ijumaa ya daktari itapita, na macho yake yatabaki hivyo mpaka kaburini. Nikafungua mkanda nisimame, nisijue niende wapi.

Setla akashusha gazeti.

"Kitu gani hii?" akauliza kwa Kiswahili.

"Ni mama mkwe wangu, bwana."

Akamtazama mama chini, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekutana na jambo analolijua. "Ah," akasema. "Nyapara yangu alikimbia nyuma ya tanki ya maji siku moja, akaruka ukuta, kwa sababu mama mkwe alikuja. Nilifikiri nyoka." Akafungua mkanda wake. "Mimi nilikuwa na mama mkwe miaka kumi na tisa. Hakuna mtu aliniambia hii desturi iko."

Akanionyesha kiti chake, nihamie karibu na Mhindi. Akanipa gazeti. "Weka kichwani. Yote. Mpaka mama amekaa."

Nikalitia gazeti kichwani kama hema. Nikasikia Wekesa akimweleza mama kwamba mimi nimefunikwa kama mkate, sioni kitu. Nikasikia shuka likipita. Nikasikia mama akikaa dirishani, na setla, ambaye asubuhi asingekaa kando ya mmoja wetu kwa lolote, akikaa kando yake, katikati yetu, mkubwa kama kabati. Mkanda ukafungwa. Mhudumu akasema, "Hivyo, vizuri, mama mzuri sana," akaenda kukaa.

Sikuuondoa mkono wangu kwenye gazeti. Mama alikuwa upande wa pili wa njia, na mtu akigeuza shingo kidogo tu, basi. Kwa hiyo wale mnaoniuliza tulitua vipi, jibu langu ni fupi. Niliona tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lilisema kupe wote watakufa. Nililisoma mara nyingi, kwa Kiingereza, huku ndege ikishuka, ikipanda kidogo, ikishuka tena, na Mhindi amenishika goti. Nikaomba maombi mafupi, kama nilivyoelekezwa. Kisha pakawa na pigo, na pigo la pili, na sauti ya kengele ya mzee, naye akiwatukana ng'ombe wake kwa nguvu, na tukasimama.

Mama akavuta hewa puani.

"Wekesa," akasema, "huku Nairobi kuna ng'ombe wengi."

Kitale tena

Watu walishuka wakiwa wamependana sana. Setla alinishika mkono. Bibi wa mkoba alimbusu mhudumu. Mhindi alitualika wote dukani kwake kunywa soda, na tulikunywa, mama ndani, mimi nje. Mapenzi hayo yalidumu hadi fundi aliposema injini itakuwa tayari kesho saa mbili asubuhi.

Hapo kila mtu akakumbuka shughuli zake. Setla alikumbuka mahindi yake. Bibi alikumbuka kwamba Nairobi kuna joto. Mhindi alikuwa ameapa mbele ya mashahidi. Wekesa alinichukua pembeni.

"Mwalimu, mimi narudi Bungoma kwa miguu. Na lile nililosema angani, ati sijawahi kupanda... si libaki huko huko juu?"

Nimelificha mpaka leo. Lakini yeye mwenyewe amekuwa akisimulia kwamba alimtuliza rubani, basi sina budi kusema.

Mimi pia, niseme kweli, nilikuwa naogopa. Nilimwomba Wekesa kabla hajaondoka amuulize mama swali moja tu, kama yuko tayari kupanda tena kesho, na nilitamani kidogo jibu liwe hapana, ili nirudi nyumbani na dhamiri safi.

Mama aliuliza, "Daktari bado anapokea kesho?"

"Anapokea, mama. Ndiyo siku ya mwisho."

"Nimesonga ugali miaka minne bila kuuona. Ndege ikianguka, mimi sitaona inavyoanguka. Pole ni kwake yeye anayeona. Mwambie asilie, twende."

Ijumaa asubuhi abiria tulikuwa wawili. Mhudumu alikuwa ametangulia. Alikuwa amefunga blanketi kutoka upande mmoja wa ndege mpaka wa pili kwa pini za nguo, chumba kimoja changu, chumba kimoja cha mama, na katika kila chumba sahani ya mkate. Nilikula wote. Nyuma ya blanketi nikasikia mama akitafuna pia. Mhudumu alikaa upande wa mama.

Injini zilipowaka, mama akasema kwa sauti, "Binti huyu amenishika mkono, na mkono wake ni baridi. Ana homa?"

Hapakuwa na Wekesa. Nikalisemesha blanketi. "Blanketi, binti huyo hana homa. Anaogopa."

Kisha nikamsikia mama, kwa Kiswahili chake kidogo alichokiokota sokoni, akimwambia mhudumu taratibu, "Pole, pole. Hapana ruka."

Nairobi

Tulifika saa nne. Saa sita tulikuwa hospitalini, na mama alikuwa mgonjwa wa mwisho kuandikwa. Daktari alifanya kazi yake, akamfunga macho kwa bendeji, akasema tusubiri siku kumi. Nilizisubiri kwenye ukumbi, upande wa pili wa mlango, nikiuliza habari kwa wauguzi kila asubuhi na kushukuru kwa kila jibu.

Siku ya kufungua nilikuwa nimesimama mbali, lakini daktari alikuwa na haraka na hakutaka kusikia habari za wakwe. Alisema mgonjwa aonyeshwe mtu wa nyumbani kwao, ndipo atajua kama anaona kweli au anasema tu ili kumfurahisha. Muuguzi akanishika mkono akaniingiza, akanisimamisha miguuni pa kitanda. Nikafanya lililowezekana. Nikageuka nikaelekea ukutani.

Nyuma yangu nikasikia bendeji zikifunguliwa. Nikasikia daktari akimvalisha miwani nzito. Nilikuwa naomba bila maneno, marefu wala mafupi.

"Muulize anaona nini," daktari akamwambia muuguzi.

Muuguzi akauliza. Mama akairekebisha miwani puani.

"Naona mgongo wa mtu," akasema. "Amevaa koti jeusi. Begani pana kiraka, na kimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono mirefu kama ya gunia. Mwambieni akifika nyumbani amwambie Rebeka kwamba mimi sikumfundisha kushona namna hiyo."

Daktari akaomba atafsiriwe, akaja akaniinamia begani, akatazama kiraka kwa karibu, na akaandika kwenye karatasi yake kwamba mgonjwa anaona.